Anzia miguuni: jioni ya Ayurveda kwa anayekosa usingizi

Anayeuliza habari za Ayurveda na usingizi kwa kawaida huulizia kidonge: ashwagandha, mzizi wa dawa wa Kihindi, inauzwa wapi, ameze vidonge vingapi, itamfaa baada ya siku ngapi. Sisi tunashauri aanze na mafuta, chakula cha jioni na saa ya kulala. Katika Charaka Samhita, kitabu kikongwe cha tiba hii ya Wahindi, usingizi ni mojawapo ya nguzo tatu zinazoubeba uhai, na aliyekosa usingizi anashauriwa kupakwa mafuta, kuoga, kunywa maziwa, kula wali na vyakula vyenye mafuta, kusikia sauti za kupendeza, na kulala kwenye kitanda kinachomstarehesha. Karibu vyote hivyo vimo nyumbani tayari.

Usiku wenyewe umegawanywa. Saa kumi na mbili jioni hadi saa nne ni wakati wa kafa, yaani uzito na utulivu. Saa nne hadi saa nane ni wakati wa pita, joto la kusaga chakula. Kuanzia hapo hadi alfajiri ni wakati wa vata, upepo usiotulia. Ndiyo maana husisitizwa mtu awe amelala kabla ya saa nne: akiipitisha, uchovu humtoka, njaa humrudia, na akili huanza kazi upya. Sayansi ya leo haiugawi usiku namna hii, ila ushauri unaotokana na mgawanyo huo, kulala mapema na kuamka saa ile ile kila siku, ni mzuri na tunausimamia. Anayeshtuka saa tisa usiku na mawazo yanayokimbia huambiwa vata yake imezidi, na vata hutulizwa kwa joto, mafuta na ratiba isiyoyumba.

Chakula cha jioni kiliwe muda wa saa tatu kabla ya kulala, kiwe cha moto na chepesi. Mfano wake ni wali uliopikwa pamoja na choroko hadi vyote vilainike, ukaungwa kwa samli na jira. Nyama choma ya saa tatu usiku hukufanya ulale na tumbo linalofanya kazi, na kiungulia hukuamsha. Chai na kahawa viishe mchana, kwa kuwa saa tano hivi baada ya kunywa, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini.

Sasa miguu. Hapa ndipo tungependa utumie muda wako, kwa sababu kupaka mafuta miguuni ni rahisi na hakuhitaji mtu mwingine.

Tumia mafuta ya ufuta yaliyokamuliwa bila ufuta kukaangwa, yenye rangi ya dhahabu iliyopauka. Yale ya kahawia yenye harufu kali, yanayotumika katika mapishi ya Kichina, yametokana na ufuta uliokaangwa. Ni ya chakula, na shuka litanuka wiki nzima. Kama nyayo zako huwaka moto usiku, au ni miezi ya joto kali, mafuta ya nazi yanafaa zaidi kwa kuwa Ayurveda huyahesabu kuwa ya baridi.

Kijiko kimoja cha chakula kinatosha miguu yote miwili. Weka chupa ndogo ya mafuta ndani ya bakuli la maji ya moto kwa dakika tano, kisha dondoshea tone kwenye kifundo cha mkono: yawe vuguvugu, yasichome. Tandika taulo kuukuu chini. Anza juu ya mguu, zungusha vidole kwenye kifundo cha mguu, kisha kandamiza unyayo kwa dole gumba kutoka kisiginoni kwenda mbele. Vuta kila kidole taratibu. Malizia kwa kusugua unyayo kwa kiganja hadi upate joto. Dakika tano kila mguu. Subiri kidogo, pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, vaa soksi kuukuu za pamba. Usiruke hatua ya kupangusa: nyayo zenye mafuta kwenye sakafu ya vigae zimeangusha wazee wengi.

Sababu ya kufaa kwake inaeleweka. Miguu ikipata joto, mishipa midogo ya damu hupanuka, joto la ndani ya mwili hutoka nje, na mwili unaopoa kwa ndani husinzia. Kuoga maji ya moto hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin walichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi ulioonyesha kuwa maji ya nyuzijoto 40 hadi 43, saa moja au mbili kabla ya kulala, huharakisha usingizi kwa wastani wa dakika 10. Wengi hukosea muda: huoga kisha hupanda kitandani hapo hapo wakiwa bado wanatoka jasho, halafu husema haisaidii.

Mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi asitumie mafuta ya moto, wala asiache mafuta katikati ya vidole, maana fangasi hupenda hapo. Na kama mguu mmoja umevimba na unauma kwenye shavu la mguu, usiukande kabisa. Huenda ni damu iliyoganda, nenda hospitali.

Baada ya miguu ni maziwa. Chemsha kikombe kimoja cha maziwa na robo kikombe cha maji, punje moja ya iliki iliyopondwa, manjano kidogo, na kungumanga iliyokwaruzwa muda huo huo, isizidi moja ya nane ya kijiko cha chai. Yachemke taratibu dakika tano, chuja, ongeza nusu kijiko cha chai cha samli. Kunywa saa moja kabla ya kulala ili kibofu kisikuamshe. Ukitaka asali, subiri yawe vuguvugu, kwa kuwa Ayurveda inakataza asali kupikwa.

Kungumanga inahitaji heshima. Gramu tano hivi zinatosha kuleta kichefuchefu, moyo kwenda mbio na hata kuona visivyokuwepo, na kwa kuwa dalili huchukua saa kadhaa kujitokeza, mtu huongeza akidhani haijafanya kazi. Mjamzito aiache.

Watu wa pwani wajue jambo moja: Ayurveda haichanganyi maziwa na samaki. Ukila samaki jioni, badala ya maziwa chemsha nusu kijiko cha chai cha jira kwenye kikombe cha maji. Ndivyo afanye pia yule ambaye maziwa humjaza gesi.

Ukishalala, zima taa na uweke simu mbali na mkono. Vuta pumzi kwa pua, kisha itoe ukivuma kama nyuki huku midomo imefungwa, mara sita au saba.

Ama vidonge, tunavitaja mwisho kwa makusudi. Ashwagandha haimfai mjamzito, mwenye matatizo ya tezi ya shingo au ini, wala anayetumia dawa za usingizi. Mwaka 2004 watafiti walichapisha matokeo ya kupima dawa 70 za Ayurveda zilizokuwa zikiuzwa Boston, Marekani: 14 zilikuwa na madini yenye sumu, yaani risasi, zebaki au aseniki. Poda isiyo na lebo ya kiwanda wala namba ya toleo usiinunue, hata akuuzie jirani.

Anza na miguu peke yake wiki ya kwanza, kisha ongeza chakula cha mapema, kisha maziwa. Ukianza vyote siku moja hutajua kilichokusaidia ni kipi. Usingizi ukikukataa usiku tatu au zaidi kwa wiki kwa miezi mitatu, au unakoroma hadi pumzi inakatika, muone daktari.