Kabla hujaomba ishara, kumbuka Mungu unayemuomba habadiliki

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Leo naongea na wewe mwenye jambo la kuamua, iwe kazi, uchumba, kuhama mkoa au biashara, na umeomba mpaka umechoka na bado unaona kama mbingu zimenyamaza. Mimi ni mtu wa Dodoma na nimepita hapo hapo, kwa iyo naongea kitu nakijua.

Mkataba wangu wa kazi uliisha mwezi wa kumi na moja, kipindi ambacho huku kwetu kila mtu anaangalia juu, maana mvua yetu ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, na hata hiyo inaweza ikakata katikati mtama ukiwa magotini. Nilikua na njia mbili. Kulikua na kazi Mwanza, mshahara unaeleweka. Halafu kuna ndugu mmoja tulikua tunasali nae akaniita kwenye biashara ya mahindi, yeye anatoa mtaji mimi nasimamia, tunanunua vijijini tunapeleka soko la Kibaigwa. Na mama yangu yuko Mvumi, huku huku Dodoma, umri umeenda.

Basi nikaingia kwenye maombi na kufunga. Asubuhi naamka nina amani kabisa kuhusu Mwanza, jioni amani haipo. Mtumishi mmoja akanitumia meseji wasapu kwamba Bwana amemwambia niende, mwingine akasema ameona giza kwenye hiyo safari na inatakiwa nitoe sadaka ya kufungua njia. Wote wanasema Bwana amesema! Sasa hapo unamsikiliza nani?

Kilichonishika mkono ni Malaki 3:6, "Kwa kuwa mimi, BWANA, sina kigeugeu". Nilikaa na huo mstari muda mrefu. Nikaona kwamba kinachopanda na kushuka ni moyo wangu, ukichanganya na usingizi mdogo na hela inayoisha, ila Mungu hajawa wa Mwanza asubuhi halafu wa Dodoma jioni. Na kama habadiliki, basi yale aliyokwisha kuyasema bado ni msimamo wake leo, yani sehemu kubwa ya mwongozo ninaoutafuta ninao tayari.

Nikarudi kwenye ile biashara. Yule ndugu alikua ananunua kwa lumbesa. Kwa wasioijua, gunia linatakiwa lisizidi kilo 100, sasa wao wanajaza mpaka mdomoni halafu wanaongezea kofia ya mfuko mwingine juu wanashona kwa kamba, limesimama kama mtu kavaa kilemba, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Mama wa watu kalima kwa jembe la mkono, kapalilia, kaamia ndege na nyani, halafu debe zima na zaidi linaondoka bure mbele ya macho yake na hawezi kusema kitu kwa sababu ada ya shule inamsubiri. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA. Hilo halihitaji kufunga wala kusubiri ndoto. Mungu aliyechukia vipimo vya uongo enzi zile hawezi kuvibariki sasa hivi eti kwa sababu mimi sina kazi. Nikamwambia ndugu yangu kama tunapima kwa mizani nipo, kama ni lumbesa sipo. Hakukubali, tukaachana kwa amani.

Kwa iyo ushauri wangu wa kwanza na ndo mkubwa, kabla hujauliza "Mungu unasemaje", angalia kama hajasema tayari. Mchumba ana mke wake mahali, unaombea nini hapo? Kazi inataka usaini posho za safari ambazo hazijafanyika, jibu unalo.

Wengi wanataja ngozi ya Gideoni, ile ngozi ya kondoo aliyoiweka nje usiku akaomba umande uwe ishara. Soma Waamuzi 6 taratibu, utaona Gideoni alikua ameshaambiwa nenda kabla hajaweka ngozi yoyote. Mungu alimvumilia kwa sababu alikua anaogopa, na huo uvumilivu wenyewe unatufariji sana, ila ngozi haikuwa njia ya kujua mapenzi ya Mungu, alikua anayajua. Na unabii usiudharau, 1 Wathesalonike 5 inakataza, lakini hapo hapo inasema tujaribu mambo yote. Mtu akikwambia Bwana amesema halafu akafuatisha namba ya kutuma hela, wewe mjaribu kweli kweli.

Sasa zikibaki njia ambazo zote ni safi, hapo nenda kwa watu wanaokujua. Mimi nilimfata mchungaji wangu, halafu nikaenda Mvumi kukaa na mama. Yeye aliniuliza swali moja tu, utakua unasali wapi huko? Kuhusu presha yake akasema kliniki anaenda mwenyewe na dada yupo. Nikaenda Mwanza.

Na kule kulikua kugumu, siwadanganyi, mshahara ulikua unachelewa na watu wakaanza kusema si tulikwambia. Lakini angalia Paulo kwenye Matendo 16. Alizuiwa Asia, akazuiwa Bithinia, akaona maono ya mtu wa Makedonia akavuka, na alipofika Filipi akachapwa bakora akatiwa gerezani. Alikua kwenye njia sahihi kabisa! Ugumu peke yake hauthibitishi kwamba ulikosea, na Mungu aliyekuwa na mimi Dodoma nilimkuta Mwanza vile vile, kwenye neno lile lile, akanitunza mpaka niliporudi nyumbani.

Kama una barua ya kazi mezani na mwisho wa kujibu ni Ijumaa, omba leo, soma neno, ongea na mwenzi wako na mzee mmoja wa kanisa anayekujua, halafu Ijumaa ujibu.