Neno Lililoniaibisha Ukumbini

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniomba nimfundishe kukumbuka maneno ya Kiingereza kwa kujua asili yake, na ombi hilo likanitonesha kidonda nilichodhani kimepona.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuzungumza na watu wanaojifunza lugha hiyo. Niliwaambia, kwa sauti ya mtu asiyepingwa, kwamba neno "news" limeundwa kwa herufi za kwanza za majina ya pande nne za dunia kwa Kiingereza, kwa sababu habari hutoka kila upande. Makofi yakapigwa. Ndipo mzee mmoja wa safu ya mbele aliponyoosha mkono na kuuliza kwa upole: ikiwa zamani neno hilo liliandikwa pia "newes", hiyo "e" ya pili ni upande gani? Ukumbi mzima uliangua kicheko, nami nakiri kwamba nilimchukia mzee yule kwa muda mrefu kuliko alivyostahili.

Alisema kweli. "News" ni "new", yaani "-pya", lililotiwa "s" ya wingi kwa kufuata mfano wa Kifaransa cha kale: mambo mapya, basi. Tangu siku ile nashuku kila hadithi tamu. Husemwa, kwa mfano, kwamba "salary" limetokana na askari wa Roma kulipwa chumvi. Ni kweli kwamba neno la Kilatini "salarium" linahusiana na "sal", chumvi, lakini ushahidi wa askari kupokea magunia ya chumvi badala ya fedha haupo. (Mshahara wetu hauna makuu: umetokana na "shahr", mwezi kwa Kiarabu.)

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujasimulia asili ya neno, tafuta lilivyoandikwa zamani. Nasisitiza: lilivyoandikwa, si linavyosimuliwa. Kamusi kuu ya Oxford, iliyoanza kutolewa kwa sehemu mwaka 1884 na kukamilika 1928, hupanga mifano ya matumizi kwa miaka, nawe huona maana ikihama mbele ya macho yako. Humo ndimo nilimokuta kwamba "nice", ambalo leo ni sifa njema, lilianza kwa maana ya mpumbavu, kutoka Kilatini "nescius", asiyejua. Mwenyeji wangu alikuwa amenikaribisha jukwaani siku ile kwa neno hilohilo.