Anza na mstari: kwa wanaoanza kukagua picha za magofu ya Roma

Wewe unayeanza kazi hii, usikimbilie rangi. Rangi ndiyo inayomvutia mnunuzi, na ndiyo inayotupotosha tunapotaka kujua picha ni ya lini na ya nani.

Katika karne ya 18, vijana wa familia tajiri za Uingereza na nchi nyingine za Ulaya walikwenda Roma kukamilisha elimu yao, na walitaka kurudi kwao na kumbukumbu. Kuanzia 1780 hivi, mchongaji Mwitaliano Giovanni Volpato na mchoraji Mswisi Louis Ducros waliwauzia picha za namna yake: mistari ya Colosseum au Tao la Konstantino ilichongwa kwa asidi kwenye bamba la shaba, ikachapwa kwa wepesi, kisha karakana ikapaka rangi za maji kwa brashi, nakala moja baada ya nyingine. Ndiyo maana anga la nakala hii halifanani na la ile. Usiite moja bandia kwa sababu hiyo tu. Waliopaka wengi hatuwajui majina, na baadhi yao walikuwa mafundi hodari kweli.

Sasa shika lensi. Mstari wa Volpato na Ducros ni mwembamba, na kivuli kimeachiwa brashi. Kwa Giovanni Battista Piranesi, mchongaji mwingine wa picha za Roma, ni kinyume: giza lake lote limechongwa kwenye shaba, naye aliuza picha zake bila rangi. Ukiletewa Piranesi ya rangi, hesabu kwamba kuna aliyeipaka baadaye, hadi upate ushahidi mwingine. Tena jina lake pale chini lisikupe mwaka. Alifariki 1778, lakini mabamba yake yaliendelea kuchapisha, kwanza Roma, halafu Paris, kisha Roma tena baada ya serikali ya Papa kuyanunua mwishoni mwa miaka ya 1830. Inua karatasi kwenye mwanga utafute alama ya mtengenezaji wa karatasi, inayoonekana ndani yake. Hiyo husaidia zaidi kuliko jina.

Angalia pia nyeupe nzito kwenye mawingu na kingo za mawe. Nyeupe ya zinki ya rangi za maji ilienea sokoni baada ya 1834, kwa hiyo maabara ikiithibitisha, ujue kuna mkono wa baadaye.

Picha ikiwa na madoa, usiioshe wala usiipanguse kwa kitambaa chenye maji. Rangi hizo huyeyuka. Mpelekee mhifadhi wa karatasi. Ukiitundika, mwanga usizidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu).