Je, udongo wa chumvi umekufa?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, shemeji yangu amerudi kutoka Amboseli, kusini mwa Kenya, akanionyesha picha za mbuga kavu iliyofunikwa na utando mweupe wa chumvi. Anasema kwamba chini yake hakuna mdudu hata mmoja. Mimi huku kila nikipiga jembe ninakutana na nyungunyungu. Je, ni kweli? (Mama mkulima, Himbi, Goma)

JIBU: Si kweli, Mama, ingawa tunaelewa kwa nini shemeji yako aliona hivyo. Ngozi laini ya nyungunyungu hupitisha maji, kwa hiyo chumvi ya udongo humnyonya maji mwilini, na ni nadra kumkuta mahali kama pale. Wanaobaki ni wadogo zaidi: utitiri wenye gamba gumu, kolembola (vijidudu vidogo sana vya udongo visivyo na mabawa), mchwa, sisimizi, na nematodi, yaani minyoo midogo mno inayoishi katika maji membamba yanayozunguka chembe za udongo. Maji hayo yakikauka, aina kadhaa za nematodi hujikunja, hupoteza karibu maji yote ya mwili na kusimamisha uhai mpaka mvua inyeshe.

Tena chumvi si adui pekee. Sodiamu iliyomo katika magadi hutawanya chembe za mfinyanzi, nazo huziba vitundu vya hewa. Na kwa kuwa kolembola na utitiri wengi hawachimbi, bali hupita katika nafasi zilizokwisha kuwapo, udongo ulioziba huwanyima makao hata kabla chumvi haijawadhuru. Ndiyo maana husongamana chini ya nyasi zinazostahimili chumvi, kama Sporobolus spicatus ya huko Amboseli, ambako mizizi imefungua udongo na kuna kivuli na mabaki ya kula.

Shemeji yako akirudi huko, achukue udongo wa chini ya shina la nyasi baada ya mvua (kwa idhini ya walinzi wa hifadhi), auweke kwenye chekeche juu ya faneli na kuwasha taa juu yake kwa siku kadhaa. Wadudu, wakikimbia joto na ukavu, wataangukia katika chombo chenye spiriti. Njia hii, iliyotokana na faneli aliyoibuni Mwitaliano Antonio Berlese mwaka 1905, haiwafai nematodi: udongo wao hufungwa katika kitambaa na kuzamishwa ndani ya faneli yenye maji usiku kucha, nao hutoka na kushuka hadi chini, ambako hukingwa na kutazamwa kwa hadubini.