Jogoo ni mmoja, mbona kila lugha humwiga kivyake?

Swali: Binti yangu amerudi kutoka shuleni akiimba kwamba jogoo husema "cock-a-doodle-doo", ilhali mimi nimekulia kwenye "kokoriko". Kati yetu na Waingereza, ni nani anayemsikia vizuri? Tena, je, ni sahihi kusema "jogoo analia"?

Jibu: Masikio ni yaleyale; kinachotofautiana ni akiba ya sauti aliyonayo kila msemaji anapotaka kumwiga jogoo. Mfaransa husema "cocorico", Mjerumani "kikeriki", Mrusi "kukareku" na Mjapani "kokekokko", na utaona kwamba k haikosekani popote, hata kwa Mwingereza. Hiyo k tumepewa na jogoo mwenyewe, lakini irabu na mpangilio wa silabi kila lugha imejitilia. "Doodle" ya Mwingereza, kusema kweli, sijapata kuisikia katika banda lolote.

Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na kinywa kilichoigeuza "kitab" ya Kiarabu kuwa kitabu hakiwezi kumruhusu mnyama afunge sauti yake kwa konsonanti. Mwingereza humfanya mbwa aseme "woof", akaifungia sauti hiyo kati ya mdomo na meno. Tanakali zetu, yaani maneno yanayoiga sauti, huachwa wazi, kwa maana mbuzi hulia mee na paka nyau, kama vile mzigo unavyoanguka pu na jiwe linavyotumbukia majini chubwi. Kwa paka lugha hukaribiana zaidi: Mjapani husema "nyaa", na Wachina wamemwita mnyama mwenyewe "mao", sawa na watoto wetu wanaomwita nyau.

Ama kuhusu "analia", hilo si kosa, ila kulia ni neno la jumla, kwani hata kengele na tumbo hulia. Kiswahili kina vitenzi mahususi: jogoo huwika, mbwa hubweka, simba hunguruma, na kuku jike anayekaribia kutaga hutetea, ndiyo maana huitwa mtetea (wala hana undugu na wakili). Tanakali haipokei viambishi, na hakuna asemaye "jogoo amekokoriko", kitenzi, kwa upande wake, hubeba nafsi, wakati na ukanushi, na hivyo methali zikakishika: "Jogoo la shamba haliwiki mjini", "Angurumapo simba, mcheza nani?" Kuwika kumekwisha hata kutoka bandani, kwa kuwa leo twasema mwanamuziki fulani anawika na kila mtu akaelewa kuwa ana jina.

Kwa hiyo binti yako akiandika insha, na aandike "Jogoo aliwika kokoriko", kitenzi kikitangulia na tanakali ikifuata. "Jogoo alisema kokoriko" aiweke kwa ajili ya hadithi ambamo jogoo huyo pia hupiga soga na sungura.