"Oversight": alisimamia au alipitiwa?

*Mwalimu, mhazini wa chama chetu hakuandika michango ya mwezi mzima daftarini. Tulipomuuliza, akajibu kwenye WhatsApp: "It was an oversight." Wenzangu wakawaka, eti anajisifu kwamba alikuwa akisimamia! Si ndilo neno lililo katika jina la IPOA, Independent Policing Oversight Authority ya Kenya? – Katibu wa chama, Kayole*

Ndilo, dada, na hasira yao naielewa. Ni neno moja lenye maana mbili zinazopingana. Katika jina la IPOA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 ili kufuatilia utendakazi wa polisi, "oversight" ni jicho linalotazama kutoka juu ili lisikose kitu. Kwa mhazini wenu ni jicho lililopita juu ya kitu lisikione. Mama wa watu alikuwa akiomba radhi: "Nilipitiwa."

Hebu litazame hilo neno letu pia. Mkaguzi akipitia daftari, amelichunguza ukurasa kwa ukurasa. Mhazini akipitiwa, hakuona. Shina ni lile lile, pita, na silabi ya mwisho ndiyo inayotutenganishia maana. Kiingereza hakina silabi hiyo, kwa hiyo angalia maneno jirani. Ukikuta "an" mbele ya "oversight" lililosimama peke yake (si kama "an oversight committee"), au "s" mwishoni mwake, linamaanisha kosa la kutoona, kwa kuwa makosa huhesabika. Usimamizi hauhesabiki. Gazeti likiandika "lack of oversight", linalaumu ukosefu wa usimamizi. Likiandika "due to an oversight", linakiri kosa.

Wasomee wenzako haya kabla ya mkutano ujao, tafadhali. Chama kisivunjike kwa sababu ya neno.

*Ni "oversight of" au "oversight over"? Bosi wangu hunisahihisha kila mara. – Karani, Upper Hill*

Yote mawili ni sahihi. Katiba ya Kenya ya 2010 yenyewe inatumia "of" katika Kifungu cha 95, kuhusu Bunge la Taifa, na "over" katika Kifungu cha 96, kuhusu Seneti.

*Kitenzi chake ni "overlook"? – Mwanafunzi wa sekondari, Dandora*

Hapana, mwanangu. Kusimamia ni "oversee". "Overlook" ni kutoona, au kufumbia macho kosa la mtu. Ila dirisha linaloelekea Uhuru Park, hilo nalo "overlooks" bustani, bila kosa lolote.

*Mwajiri wangu hajalipa ovataimu miezi mitatu mfululizo. Kila mwezi barua inasema "an oversight". Nijibu nini? – Kibarua, Industrial Area*

Pole sana, ndugu yangu. Mwezi wa kwanza ningeliamini neno hilo. Linadai kwamba hapakuwa na kusudi, na aliyepitiwa kweli hurekebisha mara tu anapokumbushwa. Mtu akishakumbushwa mara mbili, hawezi tena kusema hakuona. Kiingereza kina neno la hali hiyo, "negligence", yaani uzembe, na wakubwa huliepuka kwa sababu lina uzito mahakamani. Usianze nalo. Andika kwa upole kwamba umepokea maelezo yao, taja saa unazodai mwezi kwa mwezi, kisha uliza malipo yatafanywa tarehe gani. Weka nakala.