Kabla hujamwekea mgonjwa wako filamu ya Intouchables

Mtu anayemuuguza ndugu aliyepooza hakosi kuambiwa na jirani au rafiki aitafute filamu ya Kifaransa iitwayo Intouchables. Mimi pia nimewaambia wengi hivyo na bado nawaambia, lakini sababu yangu si kwamba inachekesha na kuliza kwa pamoja. Ninaipendekeza kwa sababu inatokana na maisha ya mgonjwa halisi, na mgonjwa huyo mwenyewe ndiye aliyesema hadithi yake isimuliwe vipi, na jambo hilo linaonekana wazi kwa mtu aliyewahi kumgeuza mgonjwa usiku ili asipate vidonda vya kulalia.

Mgonjwa huyo ni Philippe Pozzo di Borgo, mtu wa ukoo tajiri aliyekuwa kiongozi katika kampuni ya shampeni ya Pommery. Mwaka 1993 alianguka akiruka kwa mwavuli milimani, akapooza kuanzia shingoni kwenda chini, na miaka mitatu baadaye mkewe, Béatrice, akafariki kwa saratani. Aliyemhudumia kwa takriban miaka kumi ni Abdel Sellou, mzaliwa wa Algeria aliyewahi kufungwa jela. Waongozaji Olivier Nakache na Éric Toledano waliwaona watu hao wawili katika kipindi cha televisheni kilichorekodi maisha yao, wakamfuata Philippe hadi Moroko alikohamia, naye akawasisitizia kwamba filamu hiyo lazima iwe ya kuchekesha. Akataka pia sehemu ya mapato iende kwa chama kinachowasaidia watu wenye ulemavu.

Tazama basi tukio la simu. Simu inalia, na Driss, yaani Abdel wa kwenye filamu, anamnyooshea Philippe ili aipokee, akiwa amesahau kabisa kwamba mikono ile haisogei. Baadaye rafiki yake Philippe anamwonya kuwa vijana wa mitaa ya maskini kama alikotoka Driss hawana huruma, naye anajibu kwamba hicho ndicho anachokitaka, mtu asiyemwonea huruma, na anautaja usahaulifu ule wa simu kama ushahidi.

Mjomba wangu, ambaye alivunjika shingo alipoanguka kutoka juu ya mnazi, aliniambia nirudie hapo. Kisha akasema, “Mwanangu, wageni wakija hapa wanakuuliza wewe kama nimekula. Mimi nipo.” Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uitazame filamu hii pamoja na mgonjwa, na usiende kuitazama peke yako halafu ukamsimulia, kwa sababu kuna mambo ambayo hawezi kuyasema mpaka ayaone yakimpata mtu mwingine. Na wageni wakikuuliza habari zake, nyamaza, umgeukie, umwache ajibu hata kama sauti yake inachukua muda kutoka. Nyumbani kwetu wageni walilizoea hilo upesi kuliko nilivyotarajia.

Ushauri wa pili unahusu lugha. Ukiweza, itazame kwa Kifaransa chenye maandishi ya tafsiri chini ya picha, na msomee mgonjwa kama macho hayafiki. François Cluzet, anayemwigiza Philippe, hana mikono wala mabega ya kutumia, kwa hiyo kazi yake yote imo machoni, shingoni na katika pumzi. Katika lile tukio la usiku anapobanwa kifua na Driss akamtoa nje kutembea Paris alfajiri, pumzi yake inaeleza kila kitu, na sauti ya mtu mwingine ikiwekwa juu yake tukio hilo linaharibika. Omar Sy, anayemwigiza Driss, ndiye aliyesifiwa zaidi, na mwaka 2012 akawa mwigizaji mweusi wa kwanza kupata César, tuzo kuu ya filamu ya Ufaransa, ya mwigizaji bora wa kiume. Aliistahili, maana Driss angekuwa mkali kidogo tu au mpole kidogo tu filamu yote ingeanguka. Hata hivyo, mimi namstaajabia zaidi Cluzet.

Yapo mambo ya kuwa nayo macho. Driss anammwagia Philippe chai ya moto miguuni ili kuhakikisha kwamba kweli hahisi, na watu hucheka sana. Mgonjwa asiyehisi huungua vilevile, na kidonda chake huchelewa kupona, kwa hiyo waelezeni watoto wa nyumbani mapema, na maji ya kumwogesha yapimwe kila mara kwa kiwiko cha anayeogesha. Fedha nazo zimerahisisha mengi, kwani Philippe ana jumba, wasaidizi kadhaa na mtaalamu wa kumnyoosha viungo. Usijilinganishe na nyumba ile. Ukiwa peke yako, omba ndugu wapeane zamu kabla mgongo wako haujakuangusha, na usisubiri wajitolee wenyewe.

Msizime filamu kabla ya mwisho, kwa maana hapo ndipo wanapoonekana Philippe na Abdel wenyewe, na maandishi yanaeleza kwamba Philippe alioa tena na kulea watoto. Filamu ilitoka mwaka 2011, kwa hiyo mengine itabidi umweleze mgonjwa wewe: Philippe alifariki Juni 2023 akiwa na umri wa miaka 72, baada ya kuishi karibu miaka 30 tangu siku aliyoanguka. Mjomba alipoisikia hesabu hiyo aliniambia niwaite ndugu zake, wakazungumze juu ya kupanua mlango wa mbele upitishe kiti cha magurudumu.